Ndege za Kichwa Chini

Kamembe, tarehe 15 Oktoba 2023

Yaya Uwera, dada yangu,

Pokea salamu nzito kama gunia la ndagala, hao dagaa wenu wa huko, maana barua hii inasafiri ndani ya gunia. Joséphine wa sokoni anakuja huko Kigoma kununua mzigo, nami nimemwomba aifiche chini kabisa. Karatasi ikinuka, ujue si mimi.

Nyumbani wote ni wazima. Maman ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linamlaumu mvua ikikaribia. Mbuzi amezaa. Jirani Munyaneza amepaka nyumba yake rangi ya kijani kali mpaka mbuzi wetu anaikodolea macho akitaka kuila. Mimi niko mzima kupita kiasi. Batu banasema nimekuwa na sura ya muntu wa maana, ila bado hawajasema maana gani.

Utauliza kwa nini siandiki kwa simu. Simu yangu anaishika Maman, anasikiliza mawaidha toka alfajiri hadi usingizi. Namba ya Tanzania ikiita, anaigeuza simu kifudifudi mezani kama karata mbaya. Kwa hiyo ni mimi, wewe na ndagala.

Sasa shika kiti. Mdogo wako anakwenda nchi ya inje!

Ile jumuiya ya bamama ba soko, Tusonge, ambayo Maman ni rais wake, inafanya safari ya kutembea Tanzania mwezi wa pili. Siyo kutembea kwa miguu. Kuna ajansi ya Kigali, basi lenye mapazia, na guide anayeitwa Vénuste mwenye filimbi na bendera ya njano. Yeye akiinua bendera, kundi lote linamfuata. Tutaona ziwa, tutaona sokwe, tutaona Ujiji. Mimi nakwenda kama guide msaidizi. Kazi yangu kamili haijaelezwa vizuri, lakini inahusu mizigo.

Nafasi yangu kwenye basi ninailipa kwa kushona. Unajua bamama ba huku, hawawezi kupanda hata kilima cha Mururu bila kuvaa sare. Patron wangu, fundi Gasana, amenipa kazi yote, kukata na kushona, mimi ambaye mpaka mwezi jana nilikuwa kwenye vifungo tu. Alicheka sana wakati wa kunipa. Nadhani ni furaha.

Vénuste aliposoma programu mbele ya mkutano akafika kwenye neno «Kigoma», bamama bote baligeuka wakamtazama Maman. Maman akasema, «Endelea.» Basi.

Na habari nyingine, usikasirike. Tangu ulipoondoka kabla ya harusi, Maman amekataza mtaa mzima kumwita Maman Uwera. Siku hizi ni Maman Ridhwani. Nimepandishwa cheo, yaya, na hakuna mtihani mwingine niliowahi kupita maishani mwangu.

Nimwambie kitu toka kwako? Useme tu. Siri kwangu ni kaburi.

Mimi,
Ridhwani, mwenye jina la Maman

*

Kigoma, 9 Novemba 2023

Mdogo wangu Ridhwani,

Barua imefika. Nimeisoma mkono mmoja umeziba pua. Nashukuru kusikia wote wazima, na mbuzi mpeni hongera. Goti la Maman likandwe kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Sema umesikia redioni.

Sisi hatujambo. Murhula, shemeji yako, anakusalimu. Ana injini ya boti ameifungua sebuleni tangu mfungo uliopita, tunairuka tukienda kulala. Mimi asubuhi nauza chapati na maharage hapa Ujiji, karibu na zinaposhuka boti. Wateja wananiita Mnyarwanda, na wewe huko utasema naongea kama redio. Mtu hana kwao siku hizi.

Guide msaidizi! Wewe si ndiye uliyepotea siku ya soko Bugarama, ukalia kwenye mapaja ya mama muuza mchele mpaka wakakutangaza msikitini? «Amepatikana mtoto wa kiume, anasema jina lake ni Ridhwani na ana njaa.» Naomba huyo Vénuste akufunge kamba.

Halafu andika mambo vizuri. Niliondoka kabla ya harusi ya huko. Harusi yenyewe ilikuwapo, msikitini hapa hapa, na mashahidi wawili na muuza kahawa aliyekuwa anapita. Kazi ya boti ya Murhula haikungoja na mimi sikungoja. Maman alikuwa ameshaalika watu. Hayo unayajua.

Samahani kwa doa hilo pembeni. Kuna mtu amemwaga uji. Huyo mtu anaitwa Teta. Ana mwaka mmoja na nusu, ana paji la uso la Maman na hasira za Maman. Hukujua kwa sababu sikukwambia, na sikukwambia kwa sababu nakujua.

Sasa nisikilize, acha utani dakika moja. Usimwambie Maman. Akija hapa, nataka aje kwangu. Akisikia kuna mtoto atakuja mbio, atambeba, atamnusa shingo, ataondoka, na mimi nitabaki mlangoni kama mtu aliyeleta sinia. Miaka minne hajataja jina langu. Kama hawezi kuja kwa ajili ya jina hilo, basi aangalie sokwe arudi salama.

Umesema wewe ni kaburi. Haya, tuone.

Dada yako,
Uwera

*

Kamembe, tarehe 28 Novemba 2023

Yaya,

Salamu toka kwa MJOMBA! Mjomba Ridhwani anakusalimu, anamsalimu Teta, anamsalimu Murhula na injini yake. Huku mvua inanyesha kama imelipwa. Maman anakanda goti kwa chumvi, na anauliza ni redio gani hiyo inayojua magoti. Mbuzi wadogo wote wazima, isipokuwa mmoja ambaye tulimla.

Habari ya Teta nimeimeza. Nimeimeza mpaka nikapata kwikwi. Usiwe na wasiwasi hata kidogo, wala usiniulize tena.

Tuzungumze kazi. Kile kitu cha sare kilikuwa na shida: bamama baligombana rangi mpaka Joséphine akatishia kusafiri amevaa gunia. Basi Maman akaja atelye kwa Gasana, pale tunaposhonea, mvua imemlowesha, amebeba mzigo kichwani. Akaufungua juu ya meza. Ni kile kikwembe, kile kitenge cha bluu cha ndani ya sanduku, chenye ndege kubwa za njano zinaruka. Unakikumbuka. Piesi zote, doti kwa doti, bado zimekunjwa vile zilitoka dukani, na vile vidonge vyeupe vya dawa ya nondo ndani.

Gasana akavua miwani. «Maman Ridhwani, hiki si kile cha…»

«Kitambaa ni kitambaa, Gasana. Panya wataanza kukila.»

«Ndiyo Maman, lakini ulisema kisishonwe kamwe.»

«Nilisema mimi. Na sasa nasema mimi. Pima.»

Gasana akanitazama, mimi nikatazama futi. Nikapima. Yaya, ungeniona! Mkasi mkononi, chaki sikioni, batoto ba mtaani dirishani banachungulia fundi mkubwa. Nilimwambia Gasana anaweza kwenda kupumzika. Nimeshakata nguo zote, kwa mara moja, nimezipanga kama vile nakata ugali.

Ah, na kitu kidogo. Juzi Maman amerudi, akasema mabaki nishone gauni dogo, dogo kabisa, la mtoto anayeanza kutembea. Nikamuuliza, «La nani, Maman?» Akasema, «Mabaki hayatupwi.» Labda ni la mjukuu wa jirani. Mimi sijui. Mimi ni fundi tu.

Fundi na guide,
Ridhwani

*

Kigoma, 20 Desemba 2023

Ridhwani,

Salamu kwa wote. Sisi wazima.

Umemwambia.

Usiniandikie «sijui, mimi ni fundi tu». Kikwembe hicho kipande chake ninacho hapa. Maman alinikatia pembe moja nikachagulie viatu vya harusi. Kilikuwa ni cha mashangazi na majirani kuvaa siku yangu. Sasa amesikia kuna mjukuu, amekitoa sandukuni, na kitavaliwa kwenda kuangalia sokwe na kumvisha Teta. Sawa. Mtoto ni wake pia, siwezi kumnyima bibi.

Lakini mimi sitakuja kuwapokea. Sinia litakuwa mezani.

U.

*

Kamembe, tarehe 24 Januari 2024

Yaya yangu mpendwa, yaya mwenye huruma, yaya asiyeweka kinyongo kama batu bengine ba familia hii,

Salamu zimechelewa kwa sababu mpaka wa Burundi umefungwa. Joséphine amekwama huku hana ndagala, mji mzima unakula maharage na kunung'unika. Barua hii anaichukua Anastase, dereva wa lori, kwa kuzunguka Rusumo. Sijui itafika lini. Maman mzima. Goti limenyamaza. Munyaneza amepaka tena, sasa ni pinki.

Haya. Nilisema. Kaburi limefunguka.

Ilikuwa hivi. Joséphine alinitania atelye kwamba mimi ni kitoto, hata ndevu zangu zinahesabika. Nikasema, «Unamwita kitoto muntu ambaye ni mjomba?» Ilitoka yenyewe, yaya! Nilijaribu kuirudisha, nikasema ni mjomba wa mbuzi. Joséphine hakuamini. Kufika jioni Maman alikuwa anajua mpaka rangi ya uji.

Lakini nisikilize wewe sasa, acha hasira dakika moja. Kikwembe alikitoa Jumapili. Mimi niliropoka Alhamisi. Muulize Gasana, muulize Joséphine, muulize mvua. Jumapili ile Maman hakuwa na habari ya mjukuu wala ya uji. Alijua tu kwamba programu imeandikwa Kigoma. Gauni dogo ndilo lilikuja baada ya mdomo wangu. Kile kikubwa kilikuja chenyewe. Mimi sikusoma sana, unajua mwaka wa pili wa sekondari mimi na shule tuliachana kwa makubaliano, lakini Jumapili inatangulia Alhamisi hata kwa mjinga.

Sasa aibu ya pili, maana leo ni siku ya kusafisha nyumba. Unakumbuka nilivyojisifu nimekata nguo zote kwa mara moja? Kweli. Na kwa mara moja nimezikata zote shingo upande wa miguu. Ndege zote zinaruka kichwa chini. Siyo moja, siyo mbili. Kundi zima linaanguka toka mbinguni. Gasana alipoona aliketi juu ya pasi. Bahati ilikuwa imepoa.

Bamama balikuja kujaribu. Joséphine akasema, «Ridhwani, ndege hawa wamekufa?» Nikajitetea kama wakili. Nikasema, «Bamama, angalieni chini kila mmoja kwenye tumbo lake. Mnaona nini?» Wakainama. Kwa mwenye kuvaa, akiinama, ndege ziko sawa kabisa, zinaruka juu! Nikasema mimi nashonea mvaaji, sishonei ba jirani. Walicheka mpaka wakashikana. Maman hakucheka. Alibaki ameinama anaangalia zile ndege zake, muda mrefu. Kisha akasema, «Acheni hivyo hivyo. Kitambaa hakuna kingine.»

Na jambo kubwa. Kwa sababu ya mpaka, Vénuste alikuja kusema njia imekuwa ndefu mara mbili, twende Kampala badala yake, barabara nzuri, maduka mengi. Bamama nusu wakashangilia. Maman akasimama. Akasema:

«Kampala nina nani?»

Hata filimbi ya Vénuste ilikuwa kama inasikiliza. Nadhani Maman mwenyewe hakujua kwamba atasema hivyo. Akaketi, akafunga mkoba wake, akafungua, akafunga. Tunakuja Kigoma. Mwisho wa mwezi wa pili.

Elekeza nyumba, maana nimeshamwambia Vénuste kwamba Ujiji naijua kama mfuko wangu.

Mtenda dhambi,
Ridhwani

*

Kigoma, 19 Februari 2024

Mdogo wangu,

Anastase amefika leo, lori lake lilikuwa limeharibika Kibondo. Nakujibu hapo hapo, amekaa nje anakunywa chai.

Sisi wazima. Teta amejifunza neno «hapana» na halitumii kwa akiba.

Nimesoma habari ya Jumapili na Alhamisi. Murhula ameisoma pia. Nikamwambia soma tena.

Ukitoka sokoni fuata barabara ya kushuka ziwani. Pita msikiti wenye mnara mfupi, kata kushoto kwenye mashine ya kusaga. Nyumba ni ya bati jekundu, na injini ipo mlangoni, nimeitoa sebuleni ili wageni wapite. Kuhusu sinia sijui nilikuwa nasema nini.

Nitapika wali. Mwambie Maman… hapana, usimwambie. Kitu kimoja tu fanya kimya katika maisha yako.

Uwera

*

Kamembe, tarehe 6 Machi 2024

Yaya Uwera,

Salamu nyingi toka kwa batu wote uliowalisha wali juzi juzi. Bado wanausema. Mbuzi mzima, goti zima, Munyaneza hana rangi mpya.

Barua yako ya kunielekeza nyumba nimeikuta hapa mezani. Imefika siku mbili baada ya sisi kurudi. Umeeleza njia vizuri sana, ingetusaidia sana.

Ya mlangoni uliyaona mwenyewe, sitayarudia. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, maana wewe ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma ya kundi na mizigo, mahali pa guide msaidizi.

Safari ilianza vizuri, nikiwa nimesimama mbele ya basi na kofia mpya, nikiwaonyesha bamama msitu wa Nyungwe kama vile niliupanda mimi. «Kushoto kwenu, miti. Kulia kwenu, miti.» Kona ya tatu nikaketi. Kona ya sita nikatafuta mfuko, na unajua mifuko ya plastiki huku ni marufuku. Basi kofia ikafanya kazi. Toka hapo mpaka Huye Vénuste aliongoza peke yake.

Maman aliketi dirishani. Midomo ilikuwa inacheza. Nilifikiri ni dua. Kumbe nilipopita na chupa ya maji nikasikia vipande: «…wageni wamekaa chini…», «…uso wangu niliuweka wapi…», «…hata simu…». Hotuba, yaya! Alikuwa anakuandalia hotuba. Toka Huye hadi Rusumo anaongeza, toka Rusumo hadi Kasulu anapanga upya. Nilikuhurumia. Nilisema, ile ikitoka yote, Uwera atahamia Kongo.

Asubuhi ya Kigoma, uani kwa nyumba ya wageni, wote ndani ya sare, ndege zinaanguka kila upande, wapita njia wanapinda shingo. Vénuste akaita majina kutoka kwa karatasi yake.

«Maman Ridhwani!»

Maman akarekebisha mkoba wake.

«Maman Ridhwani!»

Nikamjibia mimi, «Yupo, ni yule pale.» Maman akageuka.

«Huyo hayupo. Sijui nani kakuandikia hivyo.»

Vénuste akatazama karatasi, akanitazama mimi. «Sasa niandike nani, Maman?»

«Andika Maman Uwera. Wewe si umesoma?»

Joséphine akapiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akatoka na ndoo ya maji, alidhani ni moto. Vénuste akasema programu ya asubuhi ni soko, halafu makumbusho. Joséphine akamnyang'anya bendera, akasema, «Leo programu ni harusi. Tumeshavaa.» Wakatoka. Maskini Vénuste akafuata bendera yake mwenyewe nyuma ya bamama, anapuliza filimbi, hakuna anayegeuka.

Nani aliongoza? Aliyeijua Ujiji kama mfuko wake. Ndiyo maana ulisikia vigelegele mbali kabla hujatuona. Tulikuwa kwenye nyumba nyingine. Nilionyesha kidole, bamama bakaimba harusi nzima mbele ya mlango wa mzee mmoja kapera, akatoka na kanzu ameivaa ndani nje, akasema yuko tayari, bibi harusi ni yupi? Batoto ba pale ndio baliotuokoa. «Mnamtafuta mama chapati? Ni kule, kwenye injini.»

Halafu ukatoka wewe, unga mikononi.

Niliona kitu ambacho hukukiona. Mbele yako Maman alifungua mdomo, na mimi nikajibana kungoja ile hotuba ya toka Huye. Haikuja. Aliinamisha kichwa. Ulidhani anatazama chini kwa hasira, najua, niliona uso wako. Alikuwa anazitazama ndege. Kwake yeye zilikuwa zinaruka juu. Halafu akasema yale uliyosikia:

«Tumechelewa, Uwera. Njia ilikuwa mbaya.»

Na wewe, na ulimi wako wote wa kuuza chapati, ukapata nini cha kujibu? «Mmekula?»

Familia gani hii! Siku tatu barabarani na miaka minne juu yake, kwa maneno yanayotosha kwenye kibiriti.

Na sikia hii, kwa sababu ulikuwa umefunga macho shingoni mwa Maman. Teta alikuja akashika kikwembe, akavuta. Akavuta tena, akasema «hapana» mara nyingi. Maman aliweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto, bila kumtazama, kama muntu anayemwambia mteja angoje. Alikuwa hajamaliza na wewe. Gauni dogo lilibaki ndani ya mkoba mpaka wali ukaisha. Wewe uliogopa kubaki mlangoni na sinia. Sinia uliliachia mikono yangu, yaya. Mimi ndiye nilisimama pale mlangoni nalo, na kofia yangu inanuka.

Sokwe pia tuliwaona, kama unataka kujua. Mmoja alimtazama Joséphine, akalaza kichwa begani ili asome ndege vizuri. Vénuste anasema ndiyo safari yake ngumu kuliko zote, na ameuliza mwaka ujao tunakwenda wapi.

Huku mambo yangu yameharibika. Gasana amenirudisha kwenye vifungo. Mtaa mzima umerudi kusema Maman Uwera, Maman Uwera, hata imamu. Jana mtoto mmoja dukani aliniuliza, «Wewe si ndiye yule ndugu ya Uwera?» Nikatazama nyuma, nikaona ni mimi. Simu yangu siioni tena kabisa. Maman anaongea na wewe asubuhi na jioni, na anakusimulia mambo yangu kabla sijayafanya. Kwa hiyo hii naiandika kwa sababu sina njia nyingine ya kusikika katika nyumba hii. Inakuja na Anastase. Haina ndagala, isome bila kuziba pua.

Mimi,
mdogo wake Uwera